Albamu ya kwanza ya Queen (1973) na muziki wa zamani uliomo ndani yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali yanayorudi kila tukikaa kusikiliza muziki hapa mjini Unguja, wanauliza vijana wanaojifunza gitaa, wanauliza waongoza watalii wa Shangani ambao mgeni kawabana, wanauliza hata wazee wa barazani. Nimeyaweka pamoja. Msimamo wangu nausema mapema: wengi wetu Queen, bendi ya roki ya Kiingereza, tunaijua kwa zile nyimbo kubwa za viwanja vya mpira, lakini albamu ya kwanza ndo inayokuonesha hawa watu walifundishwa na nani, maana walikuwa bado wachanga na hawajajua kuficha walimu wao.

## Ya mwanzo mwanzo

Albamu yenyewe inaitwaje na ilitoka lini?

Inaitwa Queen, jina la bendi basi. Ilitoka Uingereza tarehe 13 Julai 1973 kupitia EMI, Marekani ikatoka Septemba mwaka huo huo kupitia Elektra. Nyimbo 10, na zote pamoja hazifiki dakika 40. Siku hizi ukiitafuta kwenye simu utakutana pia na jina Queen I, sababu yake iko kule chini kwenye swali la kopi ipi usikilize.

Waliokuwemo ni kina nani?

Wanne wale wale waliodumu hadi mwisho: Freddie Mercury sauti na piano, Brian May gitaa, Roger Taylor dramu, John Deacon besi. May na Taylor walikuwa na bendi yao tokea 1968 ikiitwa Smile, mwimbaji wao Tim Staffell, na huyo Staffell alikuwa anasoma chuo cha sanaa cha Ealing pamoja na Freddie, ndo Freddie akawa anawajua na kuwafuata kwenye shoo zao. Staffell alipotoka 1970 Freddie akaingia, jina likabadilishwa likawa Queen, na Deacon akaja 1971 baada ya wapiga besi kadhaa kupita na kuondoka.

Walikuwa vijana wa vyuo wote. May alikuwa anasomea fizikia ya nyota Imperial College (akaiacha njiani, akaja kumaliza udaktari wake 2007!), Taylor alianza na udaktari wa meno, Deacon elektroniki, Freddie michoro. Ukiliangalia kava la 1973 utaona Deacon kaandikwa "Deacon John", kinyume, na Taylor kaandikwa Roger Meddows-Taylor, kwa hiyo usidhani kopi yako ni feki.

Freddie kweli mtoto wa hapa au ni maneno ya watalii?

Kweli kabisa. Kazaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, hospitali ya serikali, jina lake Farrokh Bulsara. Wazee wake Waparsi wenye asili ya Gujarat, dini yao ya Zoroasta, na baba yake Bomi alikuwa keshia wa mahakama enzi za Muingereza. Akiwa na miaka 8 hivi akapelekwa skuli ya bweni India, akarudi nyumbani 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, pembeni ya London.

Makumbusho yake yako Shangani, yamefunguliwa 2019. Kuhusu nyumba khasa waliyokaa, ubishi wa mabarazani haujesha na nyumba zinazotajwa ni zaidi ya moja, mie nasema familia inaweza kuhama nyumba kama familia yoyote, tusigombane.

## Ilivyorekodiwa

Ni kweli walirekodi usiku wa manane kwa sababu hawana pesa?

Ni kweli, na hapa naomba nikae kidogo maana mtu akishaelewa hili anaisikia albamu vyengine.

Mwanzo walipata bahati. Studio ya De Lane Lea ilihamia jengo jipya Wembley mwaka 1971 na ilikuwa inataka bendi yenye kelele nyingi iijaribu mitambo, Queen wakaingia, wakapiga, na malipo yao yakawa kurekodiwa bure. Wakatoka na nyimbo tano nzuri tu. Wakazunguka nazo kwenye makampuni, milango haikufunguka kwa haraka, mpaka wakafika kwa wenye studio ya Trident, Soho, katikati ya London.

Trident ilikuwa studio ya wakubwa, David Bowie na Elton John walirekodi pale. Sasa makubaliano ya Queen yalikuwa kwamba wanatumia saa ambazo studio haina mtu. Yaani unakaa unasubiri mkubwa amalize, akichelewa umechelewa na wewe, ukiingia ni usiku mkubwa, na kabla hujakolea ushaambiwa toka. Albamu ikaja vipande vipande hivyo hivyo 1972 nzima, maprodyuza wakiwa John Anthony, Roy Thomas Baker na wenyewe Queen. Ilipokuja kutoka ilikuwa ishakuwa ya zamani kwao, nyimbo wameshazichoka na vichwa vyao vimeshahamia kwenye albamu ya pili.

Kuna wimbo mmoja walioshindwa kuupiga vizuri kuliko kule Wembley, The Night Comes Down, basi wakauchukua ule ule wa De Lane Lea wakautia ndani ya albamu. Sikiliza utofauti: unapumua, una nafasi, wakati nyimbo za Trident zimebanwa, hasa dramu zimekauka. Wenyewe hilo la dramu lilikuwa linawauma miaka yote.

Kwenye kava wameandika hakuna aliyepiga sinthesaiza (kinanda cha umeme cha kutengenezea sauti), walimaanisha nini?

Walitaka watu wajue kwamba sauti zote za ajabu ajabu unazosikia zimetoka kwenye gitaa, vinanda vya kawaida na vinywa vyao. Na nyingi zimetoka kwenye gitaa moja. Brian May na baba yake Harold walianza kulichonga nyumbani 1963, shingo ni mbao ya meko ya zamani, springi za kile kishikio cha kutingisha nyuzi zimetoka kwenye pikipiki, ncha ya mkono wake ni ya sindano ya kufumia. Linaitwa Red Special. Na halipigi kwa pleki ya plastiki, analipiga kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza, ndo maana mwanzo wa kila noti una mkwaruzo kidogo.

Halafu analirekodi juu ya lenyewe, safu juu ya safu, mashine ya kurekodi ya trak 16 (njia 16 za sauti) inajaa, mpaka magitaa yanaitikiana kama waitikiaji. Vaa iafoni usikilize Keep Yourself Alive sekunde za mwanzo: gitaa moja linakwaruza tu na nyuzi zimezibwa kwa kiganja, sauti inazunguka kama inapita kwenye bomba, halafu linaongezeka la pili, ngoma zinaingia chini, na ghafla bendi nzima iko mbele yako. Mie nauona huu ndo utambulisho mzuri kuliko wote waliowahi kuufanya.

## Waliyoyachukua kwa waliotangulia

Si wanaiga Led Zeppelin tu hawa?

Hili ndo swali nambari moja, na limeulizwa tokea albamu ilipotoka. Jibu langu: wamechukua kwa hao Zeppelin, bendi ya roki nzito ya Kiingereza iliyowatangulia, ndiyo, na wanaonesha. Modern Times Rock 'n' Roll, ulioandikwa na kuimbwa na Roger Taylor, haufiki hata dakika mbili, mbio mwanzo mwisho, anayeijua Zeppelin atawakumbuka hapo hapo. Son and Daughter nao mzito, unakokota, unaelekea zaidi upande wa Black Sabbath.

Lakini Zeppelin wenyewe walitoa wapi? Albamu yao ya kwanza, 1969, ina nyimbo mbili za Willie Dixon, mtunzi wa bluzi wa Chicago, mtu mweusi aliyewaandikia kina Muddy Waters miaka mingi kabla. Kwa hiyo mnyororo ni mrefu: bluzi ya Wamarekani weusi inavuka bahari kwenye santuri, vijana wa Kiingereza wanaipokea wanaiongezea umeme, na vijana wa baada yao wanaipokea kwa hao. Queen ni pete ya tatu au ya nne. Kumlaumu wa nne peke yake si haki.

Na kuna kitu Zeppelin hawakuwa nacho, kile cha sauti tatu, Mercury, May na Taylor wanaimba pamoja, wanajirudia juu ya sauti zao wenyewe mpaka inakuwa kwaya. Hicho hakikutoka kwenye bluzi.

Basi hicho cha kwaya kimetoka wapi?

Kwa Beatles kwanza. Wote wanne walikulia kwenye Beatles, na May mwenyewe hajawahi kuficha kwamba hao ndo walikuwa kipimo chao. Sikiliza Doing All Right, wimbo ambao May aliuandika na Staffell enzi za Smile: unaanza taratibu, piano na sauti laini, halafu unalipuka, halafu unatulia tena. Huo ujasiri wa kuweka nyimbo mbili ndani ya moja ni Beatles waliowafungulia watu mlango.

Nyuma zaidi kuna Buddy Holly na Everly Brothers, Wamarekani wa miaka ya 50, ambao May alikuwa anawasikiliza mtoto akichambua sauti moja moja jinsi zinavyopishana. Na kwa gitaa yupo Hank Marvin wa Shadows, yule aliyelifanya gitaa liimbe wimbo bila maneno. Ukimsikia May anapiga solo unayoweza kuikumbuka na kuivumisha njiani, hapo ni Hank Marvin.

Na Hendrix?

Freddie alimpenda Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Kimarekani, mapenzi ya kweli. Alikuwa anamchora chuoni, alimfuata kwenye shoo, na Hendrix alipokufa Septemba 1970 Freddie na Roger walikuwa na kibanda chao cha nguo Kensington Market, wakakifunga siku ile. Kwenye albamu Hendrix humsikii kwenye noti moja moja, unamsikia kwenye namna ya kusimama. Kwamba mtu wa mbele avae anavyotaka, ajitupe, asiombe ruhusa. Freddie hapigi gitaa kama Hendrix, anaimba kama Hendrix anavyopiga.

Freddie alisikiliza nini kabla hajafika Ulaya?

Hapa ndo tunapoingia sisi, na ndo swali ninalolipenda zaidi.

Watu wanaongea kama Freddie alishuka London akiwa mtupu halafu London ikamjaza. Si hivyo. Skuli yake ilikuwa St Peter's, Panchgani, kule milimani upande wa Bombay, na huko alisoma piano kwa mwalimu, akafanya mitihani ya piano, akaimba kwaya ya skuli. Mwaka 1958, ana miaka 12, yeye na wenzake wakaunda bendi ya skuli inaitwa The Hectics. Na hakuwa mwimbaji wa mbele! Alikuwa mpiga piano, nyuma. Walipiga nyimbo za kina Little Richard, Fats Domino, Cliff Richard, yaani zile zile zilizokuwa zinawasha vijana wa Liverpool, mtoto wa Unguja alikuwa anazipiga India wakati huo huo, kabla dunia haijawajua Beatles.

Sasa nenda kasikilize My Fairy King kwenye albamu. Ndo wimbo unaokuonesha Freddie kama mpiga piano khasa. Vidole vinakimbia, vinabadilisha njia katikati, sauti za juu zinapiga kelele huku. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekalishwa kwenye piano akiwa mdogo, haikuja ukubwani.

Kuna taarab humo ndani?

Hapana. Naulizwa na watu ambao wanataka niseme ndiyo, na natamani ningeweza, lakini nimeisikiliza kwa sikio la kutafuta na sijaisikia, na sitaki tujivunie kitu cha kubuni wakati cha kweli kipo.

Muziki ulikuwepo hapa tele utotoni mwake. Kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa kipo tokea 1905, Siti binti Saad alishakwenda Bombay kurekodi santuri tokea 1928. Ukiangalia, Siti na Freddie wamepita njia moja ya bahari, Unguja na India, kila mtu na safari yake. Lakini familia ya Kiparsi ya mtumishi wa serikali ya kikoloni ilikuwa na dunia yake, na mtoto mwenyewe miaka yake mingi ya kukua hakuwepo. Ukisema mji huu wa bandari ulimzoesha kuishi na lugha nyingi na watu wa kila namna, hapo nakubaliana na wewe. Ukisema kuna udi au ganuni kwenye Liar, hapana.

Jina la Mercury limetoka kwenye albamu hii?

Brian May ndo kasimulia hivyo. Kwenye My Fairy King kuna mstari unaomtaja Mama Mercury, na baada ya kuuandika Freddie akasema huyo ni mama yangu, basi mie naitwa Mercury. Bulsara likaachwa pale. Wimbo wenyewe umechota kwenye shairi la Robert Browning la mpiga filimbi wa Hamelin, la karne ya 19, kwa hiyo hata athari ya mashairi ya zamani imo.

## Yanayoulizwa mara chache, lakini yanaulizwa

Mbona haikuvuma?

Singo ya Keep Yourself Alive ilitoka wiki moja kabla ya albamu na haikuingia kabisa kwenye chati za Uingereza. Radio One ya BBC waliikataa, walisema inachukua muda mrefu kuanza kunoga. (Ule mwanzo niliousifia hapo juu, ndo uliowaponza.) Albamu ilipanda mpaka nambari 24 Uingereza lakini hiyo ni 1974, baada ya albamu ya pili kuwatoa. Marekani iliishia 83.

Seven Seas of Rhye kwenye kopi yangu imekatika, faili bovu?

Halina ubovu. Kwenye albamu ya kwanza ni kipande kifupi cha piano na gitaa bila maneno, kimewekwa mwishoni kwa sababu Freddie alikuwa hajaumaliza. Wimbo kamili uko Queen II ya Machi 1974, na ndo wa kwanza kuwaingiza kumi bora.

Nisikilize kopi ipi, ya zamani au hii ya 2024?

Oktoba 2024 walitoa Queen I, wameimiksi upya na kuzipa dramu sauti waliyoitaka tokea mwanzo, na wamerudisha wimbo Mad the Swine katika nafasi yake ya nne. Huo waliuondoa kwenye albamu 1973 baada ya kutoelewana na prodyuza, ukakaa kabatini mpaka 1991. Kwa masikio yangu mpya ni tamu zaidi, ngoma zinagonga. Lakini kama unachunguza walivyokuwa 1973 na walivyowafanana walimu wao, chukua ya zamani na ukavu wake, ndo sauti waliyotoka nayo duniani.

Ule wimbo wenye Bismillah uko humu?

Haumo. Huo ni Bohemian Rhapsody, 1975, albamu ya nne. Mbegu yake lakini imo: sikiliza Liar, dakika sita na zaidi, una vipande vinavyobadilika, kuna kuimbiana baina ya sauti moja na kundi.

Mzoroasta kaimba wimbo unaoitwa Jesus, inakuwaje?

Alisoma skuli ya Kikristo, hadithi hizo alizikuta huko. Wimbo unasimulia, hauhubiri. Freddie mwenyewe alipofariki Novemba 1991 aliagwa kwa ibada ya dini ya wazee wake.

Najua pia kuna watu hapa hawapendi atajwe kabisa kwa sababu ya maisha yake, mwaka 2006 sherehe ya kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake iliyopangwa ufukweni ilipingwa ikaachwa. Siwabezi. Mie hapa naongelea muziki, na kwenye muziki kazi yake imesimama.

Tuna bendi yetu changa, tunaogopa kuambiwa tunaiga. Tufanyeje?

Igeni wazi wazi, lakini igeni wengi. Shida ya bendi nyingi changa ni kumsikiliza mtu mmoja tu. Queen walikuwa wanne na kila mmoja kaja na mzigo wake: May na Hank Marvin wake, Taylor na dramu nzito, Freddie na Little Richard na piano ya skuli, na kwa sababu mizigo haifanani ilipochanganywa ikatoka kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho. Na nyinyi mna ambacho wao hawakuwa nacho, taarab na kidumbaki viko mlango wa pili, na mtu wa kuwafundisha ganuni au udi yupo, chuo cha muziki cha DCMA wanafundisha tokea 2002.

Na rudini nyuma hatua mbili. Ukimpenda Queen nenda kwa Zeppelin, kisha usikae hapo, nenda kwa Willie Dixon.

Bando dogo, nianze na nyimbo zipi?

Nne. Keep Yourself Alive kwa ajili ya magitaa, My Fairy King kwa ajili ya piano, The Night Comes Down kwa ajili ya utulivu, halafu Liar. Ukibakiwa na MB kidogo tia na Great King Rat, May anapiga mpaka unasahau ni mtu mmoja. Na zidownload kwa Wi-Fi ya mtu usizistrimu, kisha uzisikilize na iafoni zote mbili masikioni, maana spika ya simu inazichanganya magitaa ya kushoto na kulia yakawa moja na nusu ya kazi yao inapotea.